Maji ya Kusuuzia

Mtu aliyenifundisha kusuuza mrija wa kioo ndiye aliyesimama mbele ya wageni akasema mikono yangu ina chumvi. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani naandika tanzia. Mwalimu yu hai, ana afya njema, kitambi kimeongezeka. Jina lake silitaji. Kwanza sikuwahi kumwita kwa jina, na pili jina hilo ndilo nililouzwa kwa ajili yake, kama utakavyoona. Halitapata faida nyingine kutoka kwangu.

Chuoni Braamfontein wengine walimwita Prof. Mimi nilimwita Mwalimu, naye aliniita binti yangu. Yeye mtu wa Singida, mimi wa Kondoa. Nyumbani tungepishana sokoni bila hata salamu, lakini Johannesburg watu wa Singida na Kondoa ni tumbo moja. Nilipofika mwaka 2015 kusoma shahada ya uzamivu, aliniuliza swali moja tu kabla ya kunipokea: "Kwenu mlenda mnapika na magadi, au mnapika ovyo?" Nikamjibu kwamba mama yangu hawezi kupika ovyo. Akacheka, akanikabidhi koti jeupe la maabara lililokuwa refu kuliko mimi.

Nieleze kidogo kazi yetu, maana bila hilo hutaelewa kosa nililosingiziwa. Tulikuwa tukipima namna maji yenye ute yanavyotiririka. Ute wa mlenda, ule unaovutika toka bakulini hadi mdomoni, ni minyororo mirefu ya molekuli, na kila mnyororo umebeba chaji za aina moja toka mwanzo hadi mwisho. Chaji za aina moja hazipendani. Ukiuweka mnyororo kwenye maji matupu, kila sehemu yake inamsukuma jirani, mnyororo unajinyoosha, na maji yote yanakuwa mazito, yanapita mrijani kwa kusitasita kama mtu anayepeleka habari mbaya. Sasa tia chumvi. Chaji zinafunikwa, msukumano unaisha, mnyororo unajikunja, na maji yale yale yanakimbia mrijani kana kwamba hayakuwahi kuwa na ute. Haihitajiki chumvi nyingi. Jasho la kidole kimoja linaweza kukuharibia kazi ya wiki nzima.

Ndiyo maana kwake kusuuza ilikuwa ibada. Alikuwa na mikono mikubwa, ya mtu aliyefaa kuwa mwashi, na kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama. Asubuhi ya kupima alifika kabla yetu sote, akavua koti, akakunja mikono ya shati, akasuuza mirija kwa maji yaliyosafishwa hadi yasiwe na chembe ya kitu. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Fundi wa maabara, Mkongomani wa Lubumbashi tuliyemwita Papa, kazi yake ilikuwa kumletea maji na kusimama pembeni. Mwalimu akimaliza, aliinua kila mrija kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akasema, "Umetakata." Mpaka alitamke neno hilo, hakuna aliyegusa kitu. Nilimuuliza mara moja kwa nini hatuachii sisi kazi hiyo. Akaniambia, "Nikisuuza mimi, kosa likitokea najua si la maji." Nililipenda jibu hilo, nikalisimulia hata kwa watu wasiojua mrija ni nini.

Alikuwa mtu wa misemo, na misemo yake aliitunga mwenyewe. Mwanafunzi mmoja alisogeza namba kidogo ili mstari wa grafu yake upendeze. Mwalimu alimwamuru aitupe kazi yote, akaanze upya. Kijana wa watu alilia. Mwalimu akamwambia, "Namba haina mjomba." Maana yake ni kwamba namba haikupi upendeleo, haikujui, hata ukiwa na shida gani. Papa aliupenda msemo huo, akawa anautumia kila mahali, hata lifti ilipokataa kufunguka: "Lifti haina mujomba!"

Kulikuwa na tabia moja ya ute iliyomfurahisha kuliko zote. Ukizidi kuuzimua katika maji safi, ile minyororo michache inayobaki inazidi kujinyoosha, kila mmoja kwa nafasi yake. Mwalimu alisema, "Wakiwa wengi wanakunjana, wakibaki wachache wananyoosha miguu. Muulizeni yeyote anayekaa Joubert Park." Darasa lilinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa Joubert Park, katika flati iliyogawanywa kwa mapazia, pazia langu likipakana na la msusi wa Kikongomani niliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa. Nilicheka pamoja nao. Wakati ule alikuwa akinitania, na mtu anayekutania anakuwa amekuona.

Somo lake la kwanza kwa kila darasa jipya lilikuwa lile lile. Alikuja na chupa ya mlenda alioupika nyumbani kwa magadi, akachota kijiko, akauvuta ute juu hadi usawa wa kidevu chake. Vijana wa Soweto walipiga kelele, "Eish, Prof!" Kisha akanyunyiza chumvi, akakoroga, akavuta tena, na ute ukakatika karibu na kijiko. "Ameona chumvi," alisema, "amekunja miguu." Siku niliyoona somo hilo nilicheka hadi machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko, kwa sababu mama hutia chumvi mwisho kabisa, sufuria ikishaepuliwa, na hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini. Hapo hapo nikaamua kwamba mlenda ndio utakuwa utafiti wangu. Mama aliposikia, aliwatangazia majirani kwamba binti yake anakwenda kuwa daktari wa mlenda.

Usidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Maabarani alikataza karanga za chumvi, alikataza bisi, alikataza hata kupeana mikono siku ya kupima. Lakini Jumamosi, kwenye hoteli ndogo ya Mama mmoja wa Tanga kule Turffontein, nyuma ya uwanja wa farasi, alikuwa akimwaga chumvi kwenye sahani kabla hajaonja. Mama alikuwa akiudhika waziwazi. "Mzee, onja kwanza! Unanitukana mbele ya wateja!" Mwalimu alimjibu, "Naijua chumvi yako, Mama, ni ya woga."

Kiswahili chake nacho kilikuwa na masharti. Jiji zima linaita taa za barabarani roboti. Yeye alisema taa, hata akitoa maelekezo kwa mtu aliyepotea. Alimsahihisha Papa kila siku. Papa alivumilia, kisha asubuhi moja akamwambia, "Mwalimu, Kiswahili yako inavaa suti. Yangu inavaa kandambili, lakini inafika." Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Aliweza kuchekwa, na hiyo si sifa ndogo kwa mkubwa.

Na nitasema haki, ingawa inaniuma. Majira yale wageni wa kutoka nchi nyingine walipokuwa wakiwindwa mitaani, Mwalimu alinirudisha nyumbani kwa gari lake kila jioni, akaegesha mbele ya flati, akangoja hadi nichungulie dirishani na kumpungia. Alikuwa akiogopa, niliona vidole vyake vikiushika usukani. Nilipougua mafua ya Juni, alipanda ngazi zote, maana lifti ilikuwa imekufa zamani, akaniletea uji kwenye chupa ya chai. Yaya alimfungulia mlango, akarudi kwangu ameshika kifua. "Ule muzee iko na roho ya baba," alisema. Niliamini hivyo hivyo. Kama angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, ningekuwa na kazi rahisi ya kumchukia, wala nisingekuwa naandika haya.

Sasa siku yenyewe. Kampuni moja ya migodi ilikuwa na mabwawa ya tope upande wa kusini wa jiji, chini ya vile vilima vya mchanga wa manjano. Tope lake ni laini mno, halizami, na maji hayatakati. Mwalimu aliwaambia kwamba ute wa mlenda utazikamata chembe za tope, uzifunge pamoja, zizame. Katika maji yetu safi ya maabara ilikuwa kweli kabisa: mnyororo ulionyooka unafikia chembe nyingi. Kampuni ilifurahi. Ikamwahidi maabara mpya, na juu ya mlango wake jina lake kwa herufi za shaba. Alinionyesha mchoro wa mlango huo. Mtu ambaye namba zake hazikuwa na mjomba alikuwa akiutazama mchoro wa mlango kama bwana harusi anavyotazama picha ya mchumba.

Kazi yangu ilikuwa kupima ute ule ule katika maji ya bwawa lenyewe. Papa aliyaleta kwenye madumu, maji ya rangi ya kutu, yenye chumvi za kila namna kutoka ardhini. Asubuhi ile Mwalimu alisuuza mirija mwenyewe, kama kawaida yake, akaiinua dirishani mmoja mmoja. "Umetakata. Umetakata." Nikapima. Ute ulikimbia mrijani kama maji ya bomba. Nikapima tena siku nyingine, akasuuza tena, jibu likawa lile lile. Mnyororo ulikuwa umeona chumvi, umekunja miguu. Bwawani usingekamata kitu.

Nilimpelekea grafu nikiwa na hofu. Aliitazama muda mrefu. Kisha akanirudishia, akasema, "Namba haina mjomba, binti yangu. Utawasomea mwenyewe." Unaweza kufikiria nilivyotoka pale. Matokeo yale ndiyo yangekuwa sura kuu ya tasnifu yangu, na yeye alikuwa ananipa niyasimamie kwa miguu yangu. Yaya alinisuka bure, akaniambia nisicheke sana meno yote yasionekane.

Wageni wa kampuni walikaa upande mmoja wa meza, mkuu wa idara upande wa pili, Papa mlangoni na sinia la vikombe. Nilisoma. Nilieleza chumvi, nilieleza kujikunja, sauti yangu ilitulia kuliko nilivyotarajia. Nilipomaliza, kiongozi wa wageni hakunitazama mimi. Alimgeukia Mwalimu, akauliza, "Kwa hiyo dawa yenu haifanyi kazi kwenye bwawa letu?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Nikajua atasema ule msemo wake. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Huyu binti ni mwanafunzi mzuri," alisema, kwa upole ule ule aliotumia siku ya uji. "Ila bado ana haraka. Mirija haikusuuzwa vizuri. Mikono yake ina chumvi. Tutarudia."

Wageni walicheka kidogo, kicheko cha watu walioondolewa mzigo. Mkuu wa idara aliandika kitu. Mimi nilimtazama Papa, na Papa akayatazama maua yaliyochorwa kwenye vikombe.

Utauliza kwa nini sikusema. Wenzangu wa pale chuoni waliniuliza hivyo hivyo, kwa mshangao, kwa kuwa wao wangesema. Kwetu mtu mzima hakanushwi mbele ya wageni. Unameza, unangoja wageni waondoke, kisha unamfuata faragha, naye anatengeneza alichoharibu. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo yeye alivyolelewa, na yeye alijua fika kwamba nitameza. Alisimama juu ya adabu yangu kama mtu anavyosimama juu ya kigoda ili afikie rafu. Wageni walipoondoka, aliondoka nao kwenda kula. Mle chumbani ukimya wangu ukabaki kuwa ‘ndiyo’ yangu.

Baada ya hapo kila nilipokwenda ofisini kwake alikuwa na kikao. Idara ikasema mtu asiyejua kusafisha vyombo hawezi kuendelea na utafiti mkubwa kama ule. Matokeo yangu yakafutwa, kazi akapewa mwingine, na yeye kama msimamizi wangu akakubali. Bila msimamizi hakuna shahada. Bila usajili hakuna kibali cha mwanafunzi. Yote yaliisha kwa upole, bila mtu kupaza sauti. Nilimkuta Papa kwenye ngazi, nikamuuliza jambo moja tu: nani alisuuza?

"Mama, minajua," alisema kwa sauti ya chini. "Mi njo nilimuletea maji. Lakini niko na batoto, na kazi yangu iko mu mikono yake. Unisamehe."

Papa nilimsamehe pale pale. Hakuwahi kuniita mwanawe.

Yaya alinikuta nikilia nyuma ya pazia, akalivuta bila hodi. "Unamulilia juu ya nini? Muzee amekuuzisha, na weye bado unamuita Mwalimu!" Nikamwambia sina jina lingine la kumwita. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakutuambia kwamba unaweza kuendelea kuipenda nguo. Kilichoniuma zaidi si shahada. Ni kwamba alichagua kosa lile hasa. Angeweza kusema mashine mbovu, angeweza kusema hali ya hewa. Alichukua kitu pekee alichonifundisha kwa mikono yake, akasema sikukijua.

Mama yangu bado huuliza kwenye simu, "Daktari wangu umeshamaliza?" Nami hujibu, "Bado kidogo, mama." Majirani wa Kondoa wanangoja hadi leo.

Nilipata kazi katika kiwanda kidogo cha jeli ya nywele upande wa kusini, na wenye kiwanda wakanihangaikia kibali. Jeli nayo ni minyororo ile ile yenye chaji, iliyonyooka ndani ya maji. Wasusi walikuwa wakilalamika kwamba mteja akitoka jasho, jeli inageuka maji usoni. Niliwaeleza sababu siku yangu ya kwanza, wakaniona mtu wa maana. Nilirudi nyumbani nimenuna, na Yaya hakuelewa kwa nini mtu anasifiwa na kununa.

Mwaka 2019, Jumamosi mchana, niliingia kwa Mama wa Tanga. Nilikuwa nimekwepa hoteli ile kwa muda mrefu, lakini hamu ya mlenda haina kisasi. Nilikuwa nimeshaagiza niliposikia nyuma yangu, "Binti yangu!"

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema. Ilitoka yenyewe, mdomo haukuniomba ruhusa.

"Marahaba, marahaba." Akavuta kiti, akakaa mezani kwangu kana kwamba tuliachana jana. Alikuwa amestaafu. Mashavu yamejaa, nywele zote nyeupe. Aliuliza hali ya mama, akauliza kama nimeolewa, akasema baridi ya mwaka huu haina adabu. Nilijibu yote. Kisha, akikata tonge, akasema bila kuulizwa, "Lile bwawa liligoma. Wale jamaa wakaondoka na maabara yao." Alisema liligoma kana kwamba ni punda.

Nilingoja. Niseme ukweli, nilingoja kwa moyo wote. Tulikuwa wawili tu mezani, hakukuwa na mgeni wa kumwaibisha, na faragha niliyoitafuta miaka ile yote ilikuwa imekuja yenyewe na kuvuta kiti. Neno moja lingetosha, na ningelipeleka kwa mama yangu kama zawadi.

Mwalimu aliichukua glasi iliyokuwa mbele yangu, akaikagua, akaguna. Akainuka nayo hadi kwenye bomba lililo uani, ambalo nililiona kupitia mlango, akakunja mikono ya shati, akaisuuza. Aliisuuza vile vile, akiizungusha polepole, akimwaga, akianza tena. Aliporudi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. Akaiweka mbele yangu, akanimiminia maji kutoka kwenye jagi.

"Imetakata," alisema.

"Najua, Mwalimu," nikasema. "Hata siku ile mirija ilitakata."

Hakuniuliza siku gani.

Alivuta kichupa cha chumvi, akainyunyizia mlenda wake bila kuonja, akakoroga. Nilimtazama akiuinua ute kwa tonge, na ute ukakatika kabla haujafika popote. Kutoka jikoni Mama wa Tanga alisema kwa hasira ya kila siku, "Mzee, onja kwanza!"

"Kula, binti yangu," aliniambia, macho yake sahanini. "Kinapoa."

Nilikuwa na kiu. Niliinuka, nikaiacha glasi yake imejaa mezani, nikaenda uani kwenye bomba, nikaikinga mikono yangu, nikanywa.